Turu ya kwanza ya atelie ya nyumbani: tuichague namna gani?

Maneno ya mfanyakazi wa uwanjani wa shirika moja linalosindikiza vikundi vya akiba, mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukipunguza tu marudio.



Komite iliniomba niseme juu ya kitu kimoja tu: turu. Vijana wetu wane wanaomba sehemu ya akiba itoke, wanunue turu ya kwanza, iwekwe kwenye atelie iliyo uani kwa mmoja wao. Kura itapigwa Jumapili ijayo. Tayari nimesikia pande mbili. Kuna wanaotaka mashini kubwa ya kiwanda, wanasema tukinunua tununue kitu cha maana. Na kuna wanaotaka ile ndogo mpya ya kuweka juu ya meza, kwa sababu bei yake inatosha mara moja. Mimi sikuja kupiga kura. Na niseme mapema: shirika langu halikuleta mashini, wala ahadi ya mashini, ili mtu asikae hapa akingoja habari njema mwishoni.

Nimekuja na maswali tu, na namna ya kuyajibu.

Kwanza tuelewane kwa majina. Sisi tuliokulia Lugufu na Nyarugusu tulisikia mashini ya kukereza, au lathe. Ndugu waliobaki huku wanasema turu. Ni kitu kimoja. Kwenye mashini ya kutoboa, chuma kinakaa na ncha inazunguka. Kwenye turu ni kinyume: chuma ndicho kinazunguka, kisu kinasimama na kusogezwa pole pole, kinamenya chuma kama mama anavyomenya muhogo. Ndiyo sababu turu inatoa vitu vya mviringo: shafti, bushi, puli, bolti, nati. Sehemu inayokamata chuma tutaiita mandre, Tanzania wanasema chaki. Ile reli ndefu ya chini tutaiita kitanda. Kile kinachotembea juu yake na kubeba kisu tutakiita kigari.

Sasa, kwa nini jambo hili linahitaji mkutano? Kwa sababu pesa hii siyo ya mradi. Ni hisa za watu. Ni ya mama aliyeuza ndagala, ni ya mzee aliyeuza mbuzi. Mashini ikinunuliwa vibaya, haitarudi dukani. Itakaa uani inaota kutu, na kila mtu atakayepita pale ataona hisa zake zimekaa. Na jambo baya zaidi: watu watasema kazi ya chuma haina faida kwetu, wakati kosa lilikuwa la kuchagua.

Lakini faida ipo. Munajua wenyewe: shafti ya mashini ya kusaga ikivunjika wakati wa mavuno, mwenye mashini anaifunga kwa gunia, anaipeleka Uvira au anaivusha mpaka Bujumbura, na anangoja. Wakati huo wamama wanabeba muhogo kichwani mpaka kijiji kingine. Bushi moja ya pikipiki, kitu cha kutosha kwenye kiganja, inalaza pikipiki siku nyingi. Kazi iko. Swali ni mashini gani inaifaa.

Swali la kwanza: ni kazi gani zinafika mlangoni?

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza mashini ni ya bei gani. Anzeni kwa daftari. Kabla ya kununua, kwa mwezi 1 mzima, kila mtu anayeleta kitu cha kutengeneza kwenye atelie, kiandikwe: ni kitu gani, chuma gani, upana wake ni milimita ngapi, urefu wake ni ngapi, na mwenye kitu angelipa kiasi gani. Hata kama kazi hiyo hamuwezi kuifanya leo, iandikeni. Na pitieni kwa wenye mashini za kusaga, wenye mitumbwi ya motere, mafundi wa pikipiki na wa baiskeli, muwaulize: mwaka uliopita mulituma nini Uvira?

Mimi nilipozunguka na vijana, vitu vilivyojirudia ni hivi: shafti za mashini za kusaga, nyingi za upana wa milimita 25 mpaka 40, bushi za aina zote, puli za kuyeyusha za aluminiamu ambazo tundu lake halikai katikati, shafti za mitumbwi, na bolti kubwa ambazo soko halina. Hakuna aliyeleta kitu cha upana wa nusu mita. Basi mashini inayomeza kitu cha nusu mita, tutakuwa tumeilipa kwa kazi isiyokuja.

Swali la pili: ukubwa unasomwa namna gani?

Hapa wauzaji wanawachanganya watu, mara nyingine bila kukusudia. Turu inapimwa kwa vipimo viwili vikubwa. Kipimo cha kwanza ni upana wa kitu kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda bila kugonga. Cha pili ni urefu kati ya ncha mbili, ile ya mandre na ile ya kichwa cha nyuma. Lakini Wafaransa na Waingereza wa zamani hawakuandika upana wote, waliandika kimo kutoka kitanda mpaka katikati, yaani nusu. Wamarekani na Wachina wanaandika upana wote. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni ya sentimita 15, uliza: kimo au upana? Kama ni kimo, inazungusha kitu cha sentimita 30. Kama ni upana, ni 15 tu. Ni mashini mbili tofauti kabisa. Chukua mita, pima mwenyewe.

Kwa mashini za China, namba yenyewe inasema. Ukiona C6132 au CA6140, namba 2 za mwisho ni upana kwa sentimita: 32, au 40.

Tena kuna kipimo cha tatu ambacho watu wanasahau: tundu la katikati ya kichwa, kule nyuma ya mandre. Kama shafti ni ya milimita 35 na tundu ni la milimita 20, shafti haipiti ndani. Italazimika kukaa yote nje, na mashini fupi itashindwa. Ikiwa tundu ni la milimita 38, unapitisha nondo ndefu kwa nyuma na unafanya kazi kwenye ncha tu. Kwa shafti zetu za kusaga, tundu hili lina maana kuliko rangi mpya na kuliko taa za kidijitali.

Sasa tupime zile pande mbili za kura yetu. Mashini ndogo ya mezani inazungusha kitu cha sentimita 18 hivi, urefu sentimita 30 au 35, tundu milimita 20, uzito kama kilo 40. Ni mashini nzuri kwa mtu anayetengeneza vitu vidogo, fundi wa saa, fundi wa cherehani, mwalimu wa shule. Kwa shafti ya mashini ya kusaga, haifiki. Na ina udhaifu mwingine: motere yake inapunguzwa kasi kwa umeme, na kasi ikipungua, nguvu nayo inapungua, wakati chuma kipana kinataka kasi ndogo na nguvu nyingi.

Juu ya kasi, kuna hesabu moja ambayo vijana wanapashwa kuijua kwa kichwa. Chuma laini cha kawaida, kwa kisu cha kawaida, kinataka kupita mbele ya kisu mita 25 hivi kwa dakika. Chukua 25,000, gawa kwa 3.14, gawa tena kwa upana wa chuma kwa milimita. Shafti ya milimita 40: mizunguko kama 200 kwa dakika. Sahani ya chuma ya milimita 120: mizunguko kama 65 tu. Ukizidisha, kisu kinaungua, ncha inageuka bluu, na munaanza kusema chuma kibaya. Kwa hiyo, ukiwa dukani, soma kibao cha kasi: tafuta mashini inayoshuka mpaka 70 au chini yake, na inashuka kwa giya au mikanda, siyo kwa kitufe cha umeme peke yake.

Na ile kubwa? CA6140 ina motere ya kilowati 7.5, na uzito wake ni kama tani 2. Ni mashini ya kiwanda, inafanya kazi safi. Lakini sikilizeni maswali mawili yanayofuata.

Swali la tatu: umeme unatoka wapi?

Umeme wa nyumbani ni monofaze, volti 220. Mashini kubwa karibu zote ni trifaze, volti 380. Atelie yetu iko kwa grupu. Motere ya turu, wakati wa kuwaka, inavuta umeme mara 5 mpaka 7 kuliko inavyovuta ikishazunguka. Ndiyo sababu mafundi wanashauri grupu yenye nguvu karibu mara 3 ya motere. Motere ya kilowati 1.5 inataka grupu ya kama kilovolti-ampea 5. Motere ya kilowati 7.5 inataka grupu ya 20 na zaidi. Muulizeni mtu wa hazina, nani atanunua mazuti ya grupu hiyo kwa ajili ya bushi moja ya pikipiki.

Mtu ataniambia kuna variateri, kile kisanduku kinachopokea monofaze na kutoa trifaze. Ni kweli, na ni kitu kizuri kwa motere ndogo. Lakini soma kwanza kibao cha motere. Ikiandikwa 220/380, fundi wa umeme anaweza kuifunga kwa 220 na variateri ya kawaida ikaiendesha. Ikiandikwa 380/660, variateri hiyo ya 220 haitatosha. Piga picha ya kibao kabla hujalipa, mpelekee fundi wa umeme, ungoje jibu lake. Simu inatosha kwa hilo.

Swali la nne: itafika namna gani?

Mashini inaweza kutoka Dar es Salaam kwa barabara mpaka Kigoma, halafu kuvuka ziwa. Inaweza kutoka Bujumbura au Kampala, au kushuka kutoka Lubumbashi. Njia nyingi zinaishia mahali pamoja: chombo ufukweni, mchanga, na migongo ya watu. Turu ya tani 2 inataka mashini ya kunyanyulia. Ikiegemea upande, inaua mtu. Uzito mwingi wa turu uko upande wa kichwa chake. Turu ya kilo 200 mpaka 500 inaweza kuvunjwa vipande: motere peke yake, kichwa cha nyuma peke yake, kigari peke yake, miguu peke yake. Kitanda na kichwa vinabaki mzigo wa watu wengi na miti miwili imara, au mkokoteni.

Kabla ya kulipa, ulizeni gharama za mpakani: DGDA, OCC, na mengine, pamoja na gharama za bandari. Mutake fakitire yenye jina la chama, aina ya mashini na namba yake. Gharama hizi ziingizwe kwenye bei ya mashini tangu siku ya kwanza, zisiwe habari ya kushangaza wakati mzigo umeshakaa Kigoma.

Na jambo lingine, nitalisema kwa heshima. Kila mtu katika chama hiki anajua maana ya kuondoka na kuacha. Wengi tulivuka ziwa mwaka 1996 na vitu vya mkononi tu, tukarudi baadaye tukakuta misingi ya nyumba. Sisemi itakuwa tena, Mungu atuepushe. Nasema, kati ya mashini mbili zinazofanya kazi moja, ile inayoweza kufunguliwa na kubebwa na watu ina faida ambayo muuzaji wa Dar es Salaam hawezi kuihesabu.

Swali la tano: vyombo vyake viko?

Turu peke yake haikati kitu. Ni kama kununua cherehani bila sindano, bila uzi na bila mkasi. Inataka mandre ya mikono 3 kwa vitu vya mviringo, inayojikaza katikati yenyewe. Inataka mandre ya mikono 4, kila mkono unakazwa peke yake, kwa vitu visivyo vya mviringo na kwa puli zetu zinazoyumba. Inataka ncha ya kuzunguka ya kichwa cha nyuma, na kishikio cha ncha za kutobolea. Inataka visu, na mashini ya kunoa visu hivyo. Inataka vipimo: piakulisi, maikromita, na kompareta, ile saa inayoonyesha sehemu za milimita. Inataka miwani ya kulinda macho. Inataka mafuta.

Shauri langu: kwa kila dola 3 mutakazotenga, dola 1 ikae kwa vyombo. Mashini ya bei nafuu inayouzwa tupu, mara nyingi inazidi bei ya ile iliyouzwa ghali kidogo pamoja na sanduku lake. Kwa mashini ya zamani, sanduku hilo la vyombo ndilo la kwanza kufungua. Uliza hasa giya za kubadilisha. Bila hizo, mashini haiwezi kukata uzi wa bolti wa kila aina, na kuzipata peke yake ni taabu.

Hapa kuna mtego wa mashini za zamani za Uingereza na Marekani, kama Boxford, Myford au South Bend. Nyingi ni mashini imara, zilifundisha mafundi wengi duniani. Lakini nyingi skrubu yao ndefu ni ya inchi, na bolti zetu nyingi ni za milimita. Ili mashini ya inchi ikate uzi wa milimita sawasawa, inataka giya yenye meno 127. Kwa nini 127? Inchi 1 ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Ukikuta giya hiyo kwenye sanduku, ni dalili nzuri. Usipoikuta, uliza kabla ya kulipa.

Swali la sita: tukifika mbele ya mashini, tuikague vipi?

Msimtume mtu wa komite peke yake. Mtume fundi anayejua, na mtu wa hazina amsindikize. Fundi asikubali kununua mashini aliyoiona kwa picha tu. Afanye hivi.

Aangalie kitanda karibu na mandre, pale ambapo kazi nyingi inafanyika. Akaze kigari kidogo mpaka kitembee vizuri bila kucheza pale karibu na mandre, halafu akisukume mpaka mwisho wa nyuma. Kikianza kugoma kule nyuma, maana yake kitanda kimeliwa mbele. Kulika kidogo ni kawaida ya uzee. Kikigoma kabisa, waende nyumbani.

Akamate bomba refu la chuma kwenye mandre, alinyanyue na kulishusha kwa mkono, kompareta ikiwa karibu na mandre. Sindano ikicheza zaidi ya sehemu 5 za mia za milimita, beringi za kichwa, wengine wanasema ruluma, zinataka kurekebishwa au zimekwisha. Kuzirekebisha ni rahisi, kuzibadilisha ni ghali.

Awashe mashini, iende nusu saa, ajaribu kasi zote. Asikilize. Jino la giya lililovunjika linasema lenyewe: tok, tok, tok, kwa kila mzunguko. Aweke kiganja kwenye kichwa: joto la kuvumilika ni sawa, likichoma mkono siyo sawa. Lakini mkono uguse kichwa cha mashini tu, usikaribie mandre inayozunguka.

Ageuze usukani wa kigari mbele na nyuma, aone unacheza kiasi gani kabla kisu hakijasogea. Robo ya mzunguko si kitu kwa mashini iliyotumika. Nusu na zaidi, aombe bei ipungue.

Mwisho, akate. Achukue chuma cha upana wa milimita 30, akiache kitokeze sentimita 10 bila kushikwa nyuma, akimenye mara ya mwisho kidogo sana, halafu apime kwa maikromita huku na huku. Tofauti ya sehemu 2 au 3 za mia za milimita, mashini inafaa kazi zetu zote. Tofauti ikizidi hapo, aulize kama imesimama sawa, maana kitanda kikikaa kwenye sakafu iliyopinda, nacho kinajipinda, na mashini nzuri inaonekana mbaya. Muuzaji anayekataa kuwasha mashini yake, mwambieni asante, muondoke.

Swali la saba: nyumbani kwa nani, na kwa mapatano gani?

Atelie iko uani. Uani kuna watoto, kuna kuku, kuna wamama wenye vitenge. Turu haina huruma. Ikikamata nguo, haisimami kwa kelele. Kwa hiyo: hakuna glavu mkononi wakati inazunguka, hakuna mikono mirefu ya shati, hakuna kitenge kinachoning'inia, nywele zifungwe. Ufunguo wa mandre usiachwe kwenye mandre hata sekunde 1; mashini ikiwashwa nao unaruka kama jiwe. Vipande vya chuma vinavyotoka viondolewe kwa brashi na kulabu, si kwa vidole. Atelie iwe na mlango na kufuli, na kitufe cha kuzima kiwe mahali mkono unafika. Sakafu iwe ya saruji, paa lisivuje, na kila jioni kitanda kipanguswe na kupakwa mafuta, kwa sababu hewa ya ziwa inaleta kutu kwa usiku mmoja.

Halafu karatasi. Wapendwa, mimi nimeona vikundi vingi, na nawaambia kwamba mashini mara nyingi zinakufa kwa ugomvi kabla hazijafa kwa uzee. Andikeni, kabla ya kununua: mashini ni ya chama au ni mkopo kwa vijana? Kama ni mkopo, inarudishwa kwa miezi mingapi? Nani anashika ufunguo? Bei ya kazi inapangwa na nani, na mwanachama analipa sawa na mgeni? Kila mwezi kiasi gani kinaingia kwenye sanduku la matengenezo, kabla ya mtu kugawa faida? Na mwenye uwanja akihama, au akifariki, mashini inaenda wapi? Swali hili la mwisho linauma, lakini familia ya marehemu isiyojua jibu itadhani mashini ni urithi. Mjane naye atabaki katikati, chama huku na wakwe kule. Karatasi moja yenye sahihi za wote, pamoja na mke wa mwenye uwanja, inamlinda yeye kwanza.

Basi, kama mungeniuliza mimi ningetafuta nini, ningejibu hivi. Turu ya kati. Upana wa sentimita 28 mpaka 32, urefu wa sentimita 70 mpaka 100, tundu la milimita 38 au karibu nalo, kasi ya chini mizunguko 70 au pungufu. Motere ya monofaze ya kilowati 1.1 mpaka 1.5. Uzito kati ya kilo 200 na 500, unaoweza kufunguliwa. Skrubu ya milimita, au ya inchi pamoja na giya ya 127. Mpya au iliyotumika, si neno, ikipita mtihani wa kukata.

Na kama pesa haitoshi kwa hiyo, kura ya Jumapili haina lazima ya kuwa ndiyo au hapana. Kuna jibu la tatu: bado. Munaweza kuanza kununua vipimo na mashini ya kunoa, ambavyo vitatumika hata leo. Munaweza kumtuma kijana mmoja, na mimi ningependekeza yule binti aliyejifunza umakanika kambini, mkono wake umetulia, akae miezi 2 kwenye atelie yenye turu, alipe kwa kazi yake, ajifunze kunoa kisu na kusoma maikromita. Daftari la kazi liendelee kuandikwa. Halafu mavuno yakipita, muhesabu tena. Miezi hiyo haitakuwa ya hasara, maana mutanunua mukiwa na mikono inayojua.

Wazee wetu, mulituvusha tukiwa wadogo. Vijana hawa wanaomba chombo cha kufanya kazi, hawaombi zawadi, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Naomba siku ya kura kila mtu aulize: kazi gani, umeme gani, njia gani, vyombo gani, na karatasi iko wapi? Vijana wakijibu yote matano, wapeni.

Daftari nimeshalinunua, nalikabidhi hapa kwa mwandishi wa chama. Kurasa zake ni 96. Aanze kuandika kesho asubuhi.

 Maswali sasa.